Mkata Filamu Aliyegoma Kukata Mara ya Pili

Bi. Araksi Terzian anavaa glavu nyeupe za pamba, anapangusa meza, kisha anapitisha utepe wa filamu katikati ya vidole viwili, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Ni saa mbili kasoro asubuhi mjini Burbank, California. Palipochanika anapasikia kwa vidole kabla hajapaona.

Mezani pana mikebe miwili ya bati. Mmoja una mwisho wa filamu ya anga iitwayo Mtunza Mbegu wa Zohali, ule uliotazamwa na watu tangu mwaka 1983. Wa pili una mwisho wake halisi, dakika kumi na moja zilizopotea kwa miaka arobaini na moja. Ameambiwa ifikapo saa nne awe ameukata ule wa zamani, ameunga huu halisi, na kilichokatwa kiende jalalani.

Mkasi uko palepale. Hajaugusa.

"Nilishakata mara moja kwa kuambiwa, nikateseka nusu ya umri wangu," anasema mama huyu wa miaka 73. "Leo wanifukuze tu, nikakunje dolma, wali wangu wa majani ya mzabibu, nyumbani."

Kazi yake ni kukata filamu mama, ile ambayo kopi zote za sinema huzaliwa humo. Ni kazi isiyo na msamaha. Ukikata halafu ukataka kurudisha, kila penye kiungo picha moja inakufa chini ya gundi, na haifufuki.

Mwongozaji wa filamu ile, Norbert Castleman, alikuwa ameimalizia kwa huzuni. Mtunza mbegu anafunga mlango kwa ndani na kubaki peke yake angani ili wenzake wapone. Studio ikawaonyesha watazamaji wa majaribio, wengi wakaandika kwamba wametoka na simanzi. Wakubwa wakaingiwa na hofu.

Akaletwa mtu mwingine, akapiga mwisho mpya kwa siku tatu nyuma ya maegesho ya magari. Mtunza mbegu anarudi duniani, anapanda mbegu, jua linawaka, na juu yake sauti ya mtu inaeleza kila kitu kana kwamba watazamaji ni watoto wa chekechea. Castleman aliondoka akiapa hatautazama maisha yake yote.

Mkasi ukamwangukia Araksi. Nyumbani alikuwa na Talin, mtoto wa miezi minne.

"Ningesema nini mimi, na titi linavuja? Nikakata."

Kipande kilichotolewa aliamriwa akitupe. Akashindwa. Alikiviringisha, akakitia mkebeni na kuandika juu yake "Majaribio ya rangi", kwa sababu mikebe ya namna hiyo hakuna anayeifungua. Hapo ndipo alipokosea. Ghala lilihamishwa mara tatu, mikebe ikachanganyika kwa maelfu, na yeye aliyeficha akawa hajui tena kilipo.

Anayemshukuru kila siku ni Reggie Tolliver, mtunza ghala. Machi iliyopita Reggie alikuwa akitoa mikebe ya majaribio ya rangi ili iteketezwe, maana filamu ikianza kuoza hunuka siki na kuambukiza nyingine. Mkebe mmoja ukamlemea mkono.

"Bi. Araksi, majaribio ya rangi huwa mepesi kama kofia," alimwambia. "Huu umekula nini?"

"Umekula usingizi wangu, Reggie jan," alijibu, huku akilia na kucheka. Jan, kwa Waarmenia, ni mpenzi.

"Siku ile ningekuwa mvivu," anasema Reggie, "ningeusukuma kwa teke tu."

"Mungu aubariki huo mkono, na huo mguu uliotulia!"

Kisha akaja meneja mpya, kijana ambaye filamu ilitoka kabla hajazaliwa. Akasema mwisho wa zamani ni aibu kwa kampuni: utoe, weka mzuri, tupa. Bi. Araksi anasema ni maneno yaleyale ya 1983, yamegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Ndiyo maana, saa yake ikielekea saa tatu, anampigia simu Castleman, ambaye sasa ana miaka 88.

"Norbert, wanataka nikate tena."

"Kata! Ningekuwa na miguu ningekuja kukata mwenyewe."

"Hujawahi hata kuutazama."

"Wala sitautazama. Takataka ile!"

"Ile mikono inayofukia mbegu ni ya Miriam."

Miriam alikuwa mkewe, mshonaji wa mavazi ya filamu ile, naye alifariki mwaka 2009. Mwigizaji mkuu alikuwa ameshaondoka, wakaazima mikono ya mshonaji. Bi. Araksi aliitambua kwa kidole kilichopindishwa na cherehani, kwa kuwa mkata filamu hupitia picha zote, moja moja.

"Mbona hukuniambia, wewe mwanamke?"

"Aliniapisha. Na wewe siku hizo ulikuwa hushikiki kwa hasira. Njoo."

Saa nne na robo Castleman anaingia kwenye kiti cha magurudumu, Reggie akimsukuma. Meneja amesimama ukutani, mikono kifuani. Wanawasha mashine. Mikono inaonekana kwa sekunde kumi na mbili tu.

"Rudisha," anasema mzee. Wanarudisha. "Rudisha tena. Na huyo mpayukaji mzimeni!" Sauti inazimwa. Anatazama mara saba, kisha anamgeukia meneja.

"Kijana, ukitupa hii, kabla ya chakula cha mchana niko magazetini."

Meneja anatoka na simu yake. Anaporudi, anasema miisho yote miwili itanakiliwa kwenye kompyuta, na filamu mama zitawekwa kwenye chumba cha baridi bila kukatwa.

Bi. Araksi anaketi. Anavua glavu, anamshika Castleman mkono, anasema ahsante mara tatu kwa Kiarmenia.

Hofu haijamwisha. Talin naye ni mhariri wa filamu sasa, lakini yeye hufuta kwa kubonyeza kitufe. "Kila siku nampigia: mwanangu, wakikuambia futa, uliza kwanza kopi iko wapi. Ananiambia, mama, umeanza. Ndiyo, nimeanza. Mkasi angalau ulikuwa unatoa sauti."

Aprili miisho yote miwili itaonyeshwa katika ukumbi mmoja, na Castleman ameomba kiti kando ya Bi. Araksi. Lakini mpango mkubwa wa mama huyu uko ghalani. Imebaki mikebe elfu mbili na mia tatu iliyoandikwa "Majaribio ya rangi", na uteketezaji umesimamishwa hadi Desemba. Yeye na Reggie wameamua kuinyanyua yote, mmoja baada ya mwingine.

"Sidhani kama nilikuwa peke yangu niliyeogopa kutupa," anasema.