Sihaba na Feni ya Ami Nawaf

Ukitoka Dar kwenda Bagamoyo, ukishaipita Kerege na kuingia Zinga, mkono wa kulia utaona banda la bati, mbele yake milango ya magari imeegemezwa mmoja baada ya mwingine kama mikeka ya kuuza. Hapo ndipo anapofanya kazi Sihaba, fundi umeme wa magari. Mimi miguu yangu haijui kukaa, leo utanikuta Kerege, kesho Dunda, lakini nikifika kwa Sihaba huketi. Ana benchi lenye kivuli, na hachoki kuulizwa maswali.

Sihaba ni mtoto wa wakulima wa muhogo wa papo hapo Zinga. Alipomaliza darasa la saba alikwenda kumsaidia mjomba wake, aliyekuwa akifunga redio na spika kwenye magari. Mjomba macho yalikuwa yamechoka, haoni tena waya mwembamba, basi macho yakawa ya Sihaba na maneno ya mjomba. Mjomba alipofariki, kazi ikabaki kwa mwenye macho. Mwanzo wateja walikuwa wakija wanauliza, "Fundi yuko wapi?" naye anawajibu, "Ndiye huyu aliyekushikia boneti."

Huvaa ovaroli ya bluu, na mtandio huufunga kwa nyuma akaupenyeza ndani ya kola, usije ukadakwa na feni ya gari. Ulishadakwa mara moja. Mtandio ulikwenda, yeye akabaki.

Sasa hii feni ya Ami Nawaf ilimsumbua Sihaba kuliko kazi yoyote niliyowahi kumwona nayo.

Ami Nawaf ni mzee wa Dunda, asili yake Oman. Babu zake walifungua duka la mazulia pale Bagamoyo mjini, na duka lipo mpaka leo. Ana gari dogo jeupe, la zamani, analipenda kama mtu apendavyo mke wa ujanani. Gari hilo likawa na tabia. Likikimbia barabarani halina neno, likisimama kwenye foleni linachemka. Sihaba alinieleza kwa nini. Maji ya kwenye rejeta hupozwa na upepo. Gari likienda mbio, upepo huja wenyewe. Likisimama, feni ndiyo iuvute. Feni isipozunguka, maji yanachemka, na yakichemka sana injini inakufa.

Mara ya kwanza lilipoletwa, Sihaba alichomoa soketi ya feni, pale nyaya zake zinapochomekwa, akaweka testa, kile kitaa kidogo cha kupimia umeme. Kikawaka. Akasema, umeme unafika, feni haizunguki, basi mota imekufa. Akafunga mota nyingine. Feni ikanguruma, Ami Nawaf akamwombea dua ndefu, akaenda zake.

Hazikupita wiki nyingi gari likachemka tena. Sihaba akachomoa, akaangalia, akachomeka, feni ikazunguka. Akabadilisha na rilei, kile kiboksi kinachoiamrisha feni iwake, ili moyo wake utulie. Gari likachemka tena.

"Babu," aliniambia siku hiyo, "hili gari ni kama mtoto anayeugua nyumbani. Ukimfikisha kwa daktari, anacheza."

Safari ya tatu ndiyo iliyoleta balaa. Ami Nawaf alikuwa na mkewe, Bi Jokha, na mjukuu wao Naila, wakakwama Kerege kwenye matengenezo ya barabara. Moshi wa maji ukatoka kila upande, Naila akalia, watu wakakusanyika. Habari zikafika Dar kwa Osama, mtoto wao mkubwa, kabla gari halijapoa.

Siku mbili tatu baadaye Ami Nawaf akaja bandani. Hakuja na gari. Alikuja kwa bodaboda, kofia ameishika mkononi isiruke.

"Shikamoo, Ami," Sihaba akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuleta gari, nimejileta mwenyewe." Akaketi karibu yangu, akapumua. "Osama anakuja Ijumaa kuchukua funguo. Anasema mbovu si gari, mbovu mimi. Eti siangalii mshale wa joto, macho yamezeeka."

"Na wewe unauona mshale?"

"Nauona! Nauona unavyopanda. Sasa nikishauona nifanyeje, nishuke nikalipepee kwa upepeo?"

Tukacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wakinichukulia funguo nitakuwa kama kochi la sebuleni. Kila nikisikia msiba Mlingotini niombe mtu anipeleke. Mtu mzima kwenda kumzika mwenzake kwa kuomba lifti, haya ni maisha?"

Sihaba alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akawa anafuta tu, hata baada ya mikono kutakata. Mwisho akasema, "Ami, kosa langu nafikiri nimelijua. Ninaliponya kabla sijauona ugonjwa wake. Usilete gari hapa. Ijumaa nakuja mimi kwako asubuhi. Wewe fanya kama kila siku, usibadilishe kitu kwa sababu yangu."

Ijumaa ilipofika nikamfuata Sihaba, tukapanda bajaji mpaka Dunda. Lango lilikuwa wazi. Ami Nawaf alikuwa uani, msuli ameukunja mpaka magotini, boneti liko juu, anachota maji kwa kopo kutoka kwenye ndoo ya bati na kuyamwaga juu ya injini, pole pole, kama anamkogesha mtoto mchanga.

Sihaba akasimama langoni, hodi ikamkwama mdomoni.

"Ami, unafanya nini?"

"Karibu, mwanangu! Leo si Ijumaa? Mimi nimekoga, na hili nalo likoge. Tunakwenda msikitini sote safi."

"Mpaka injini?"

"Ala! Mtu akioga anaacha kifua?"

"Na maji ni ya wapi?"

"Ya kisima hicho. Ya bomba ni ya kunywa. Kuogeshea gari maji ya kunywa ni israfu."

Sihaba akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja, akatema pembeni. Visima vya Dunda tunavijua, maji yake yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Nikadhani atasema neno, hakusema. Baadaye aliniambia kwamba alikwisha kuihukumu mota bure, hakutaka kuyahukumu na maji bure.

Adhuhuri mimi na Ami tukaenda msikitini, Sihaba akabaki na Bi Jokha. Tuliporudi, gari likawashwa palepale uani, likaachwa lingurume limesimama. Bi Jokha akatuletea kahawa na halua. Sihaba hakunywa. Aliinamia injini, mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni.

"Chomoa ile soketi uitazame," Ami Nawaf akamhimiza.

"Sichomoi. Nikichomoa tu litapona, na Osama akifika atakuta gari zima na baba mbovu."

Mshale ukapanda. Ukafika nusu, ukapita. Feni kimya.

"Mnaona?" Ami Nawaf akapaza sauti toka kwenye kiti cha dereva. "Unapanda! Mimi ndiye nisiyeona?"

Sihaba akachukua pini mbili, akazipenyeza kwa nyuma ya soketi, moja kwenye waya unaoleta umeme, moja kwenye waya unaourudisha, bila kuichomoa. Akagusisha testa kwenye pini ya kwanza. Kikawaka.

"Hiki ndicho kilichonidanganya," akaniambia. "Babu, kitaa hiki kinatosheka na tone. Feni inataka ndoo nzima."

Kisha akachukua waya mnene, akaubana kwenye betri upande wa hasi, na ncha ya pili akaigusisha kwenye pini ya waya wa kurudi, upande wa feni. Feni ikanguruma hata Bi Jokha akaruka. Akaondoa waya, feni ikanyamaza. Akagusisha, ikanguruma.

"Umeme unakwenda," Sihaba akasema, "ila haurudi. Njia ya kurudi imeziba, na imeziba humu ndani ya soketi."

Gari likazimwa, likaachwa lipoe. Ndipo akaichomoa. Wallahi, ndani mlikuwa kijani kitupu, kama birika la shaba lililosahauliwa stoo. Sihaba akamwonyesha Ami Nawaf. Kila alipochomoa na kuchomeka, pini za ndani zilisuguana, zikapata pa kupitishia umeme, feni ikazunguka. Ijumaa ikija maji ya chumvi yanaingia tena, kutu inaota tena, njia inaziba.

"Na mota yako ya kwanza ilikuwa nzima, Ami. Nilikosea mimi. Ipo bandani, nitakurudishia."

Ami Nawaf hakujali mota. Alikuwa anaitazama ile ndoo.

Sihaba akakata kichwa cha soketi, akaunga kipya, akakipaka grisi ndani na nje. Alipokuwa anakusanya vyombo, mzee akamsogelea akashusha sauti.

"Mwanangu, Osama akija mwambie waya umeoza. Ni kweli, si umeoza? Habari ya maji tuiache."

"Ami, sitasema uongo."

"Nani kasema uongo? Nasema tuiache."

Na Osama akaingia langoni muda huohuo, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati la ofisini, jasho la safari. Akaamkia wote, akaketi, akaelezwa. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akaonyeshwa soketi iliyokatwa, akaigeuzageuza.

"Ahsante, dada Sihaba. Sasa niambie neno moja tu. Itarudi?"

Sihaba alikuwa anaviringisha waya wake kwenye kiganja, akaacha. Akamtazama Ami Nawaf, si kwa kumshitaki, alimtazama tu. Nami nikaiangalia kahawa yangu.

Ami Nawaf akakohoa. "Itarudi," akasema, "kama nitaendelea kuliogesha. Ni mimi. Kila Ijumaa nalimwagia maji ya kisima mpaka ndani ya injini. Chumvi ndiyo iliyokula waya."

Osama akamtazama baba yake, kisha akaitazama ndoo. Nikajua sasa ndio mwisho wa funguo. Lakini yeye akauliza kitu kingine kabisa.

"Baba, hata ile pikapu?"

"Pikapu ipi?"

"Ile ya bluu, iliyotufia nikiwa shule. Si mlisema imeliwa na jicho la majirani?"

"Ililiwa na jicho. Kila mtu alijua."

"Baba, pikapu ile nilikuwa naiosha mimi. Ijumaa kwa Ijumaa. Uliniamrisha wewe, na ndoo ilikuwa hiyohiyo!"

Bi Jokha akapiga makofi mlangoni. "Yarabi! Na maalim tukamwita aje aisomee! Akasoma mpaka sauti ikakauka, kumbe jicho lilikuwa kisimani!"

Hapo hata Ami Nawaf alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaondoa kofia.

Lakini Osama ni mtu wa Dar, kicheko hakikumtosha. Akataka kuona. Basi tukaingia garini, Ami Nawaf kwenye usukani, Osama kando yake, Sihaba na mimi nyuma, tukashuka mpaka Kerege kwenye matengenezo ya barabara. Foleni ilikuwa imetungoja. Tukasimama nyuma ya lori la mchanga, jua linatuchoma. Osama macho yake yote kwenye mshale. Mshale ukaanza kupanda. Sihaba alikuwa ameushika mtandio wake kwa mikono miwili.

"Baba," Osama akasema ghafla, "lile bango kule mbele limeandikwa nini?"

"Limeandikwa *Tunauza barafu*. Na wewe usoni umeandikwa *Mkaidi*."

Feni ikanguruma. Tuliisikia chini ya miguu yetu. Mshale ukasita, ukarudi chini, ukatulia mahali pake. Lori likasogea, nasi tukasogea. Tulisimama tena na tena kwenye foleni ile, na kila mara feni iliamka yenyewe na kulala yenyewe. Sihaba akaachia mtandio.

Tuliporudi Dunda, Ami Nawaf akazima gari, akachomoa ufunguo, akaunyoosha kwa mwanawe kabla hajaombwa.

"Huu ndio uliokuleta."

Osama akaupokea. Akasimama nao kidogo, kisha akaingia ndani, akautundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango, ulipotundikwa siku zote. Alipotoka, alikwenda uani moja kwa moja, akaichukua ile ndoo ya bati na kopo lake.

"Hii naondoka nayo," akasema.

"Ndoo ya babu yako hiyo!"

"Itakaa Dar, Baba, pamoja na mimi. Ukitaka kuliosha gari, funga boneti, tumia maji ya bomba. Dhambi ya israfu nitaibeba mimi."

Akaipakia ndoo kwenye bodaboda mpaka kituoni, na watu wa Dunda wakamwona mtoto wa Nawaf anarudi Dar amekumbatia ndoo.

Sihaba siku hizi, gari lenye feni mbovu likiingia bandani kwake, hagusi kitu. Huliacha lingurume mpaka lipate joto, na feni igome mbele ya macho yake. Wenye haraka wananung'unika, wanasema fundi gani huyu anakaa tu. Yeye huwasogezea benchi, na kabla hawajaketi vizuri anawauliza, "Hili mnaliosha kwa maji gani?"

Naye Ami Nawaf nilikutana naye juzi Mlingotini, mazikoni. Gari lake aliliegesha kivulini, boneti limefungwa. Tulipomaliza akanipa lifti mpaka Zinga.