Milima ya Vitambaa

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na nyumba yetu ipo upande wa Morogoro unaogusana na milima ya Uluguru. Miaka michache iliyopita nilikuwa napeleka nguo gulioni Mkuyuni. Siku moja tunarudi, mvua imenyesha, gari likateleza kwenye kona na tairi la nyuma likabaki linaning'inia juu ya korongo. Hakuna aliyeumia. Tulishuka mmoja mmoja, wanaume wakalivuta kwa kamba, na kabla hatujafika mjini watu walishaanza kucheka na kumenya ndizi. Mimi sikucheka.

Baada ya hapo moyo ukawa unanienda mbio bila sababu. Nikiwa napima kiuno cha mteja, ghafla pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, nahisi sakafu inainamia bondeni. Nikiutazama mlima ndiyo inazidi. Nikafunga dirisha la nyuma, nikawa nashona kwa taa mchana kweupe.

Daktari alinipima, akasema moyo ni mzima ila nina wasiwasi uliopitiliza, akanipangia niwe nakwenda kuzungumza na mshauri. Nikawa nakwenda. Wifi yangu, dada wa mume wangu tunayeishi naye, hakuridhika.

"Hilo ni jini la mlimani," alisema. "Twende Mlali, kuna mtu anayatoa."

"Siendi."

"Basi utakufa na kiburi chako."

"Nitakufa nacho, wifi. Ni changu."

Siku moja nilikata sketi ya kitenge cha kijani, kikabaki kipande chenye ukingo uliopinda. Nikakigeuza. Mgongo wa mlima kabisa! Lakini mgongo wenyewe unashukia kushoto au kulia? Nimezaliwa hapa na sikumbuki. Ili nijue, ilibidi nifungue dirisha.

Nilifungua. Moyo ukapiga, ila safari hii macho yalikuwa na kazi ya kufanya. Unashukia kulia. Nikarudi mezani, nikakibandika kipande juu ya shuka kuukuu na kuanza kukishona kwa mkono. Sindano inaingia, navuta pumzi. Uzi unatoka, naishusha.

Nikaendelea kila nilipopata nafasi. Khaki ya sare za shule ikawa mashamba yaliyovunwa. Bitana nyeupe ikawa ukungu. Kanga nyekundu iliyochakaa nikaipasua, ikawa barabara. Wifi alivumilia, kisha asubuhi moja nikakuta shuka langu limefunika beseni la maandazi yake, kilele chote kimelowa mafuta.

"Si matambara tu?" akasema.

Nililifua, nikalipiga pasi, nikalitundika mlangoni mbele kabisa, mahali pa magauni ya harusi. Mume wangu, asiyependa maneno mengi, alisimama akatazama.

"Lipandishe kidogo," alisema. "Watu wa ng'ambo ya barabara hawalioni."

Wapita njia wakaanza kusimama. Mzee mmoja jirani, nilipomwamkia shikamoo, aliitikia huku akichunguza mishono. "Mwanangu, weka twiga hapo. Wageni watanunua."

"Uluguru hauna twiga, mzee."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Mwishowe nikapanda tena gari la Mkuyuni. Tulipofika kwenye ile kona nikamwomba dereva asimame. Abiria wakaguna, waache wagune. Nilishuka nimeshikilia bodi ya gari, nikachungulia. Korongo lilikuwa limejaa migomba kutoka juu mpaka chini. Siku ile ya mvua sikuona hata mmoja. Nilitazama mpaka nikazijua rangi zake za kijani, ile ya jani changa na ile ya jani lililochanwa na upepo, ndipo nikapanda.

Sijapona kama watu wanavyotaka nipone. Juzi hali ile ilinijia katikati ya wateja, nikashika meza, nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba kichaa kimepanda.

"Ni wasiwasi, mama, si kichaa," nilimwambia pumzi iliporudi. "Gauni lako chukua Ijumaa. Sasa naomba usogee, umenizibia mwanga."

Akasogea. Nikatunga uzi wa kijani.