Nyasi za Wambua

Mwaka wa hamsini na sita, Wambua Kaleli aliniletea mabati kumi na mawili, mazima kabisa, akitaka nimpe nyasi. Mimi huuza mbao na mabati makuukuu hapa Ruiru. Mtu akikuletea mabati akitaka nyasi, unamuuliza sababu kwanza.

Wambua alikuwa fundi wa redio Thika. Jeshini, alipopigana na Wajapani kule Bama, alifunzwa simu ya upepo. Aliporudi akajiundia redio ya kunasa watu wanaopigiana ti-ti-taa kutoka nchi za mbali, watu wa kawaida tu, kila mmoja nyumbani kwake. Kibali cha serikali alikuwa nacho. Waya wa kunasia mawimbi aliuvuta kwenye mlingoti uani, na chifu Bedan akauona. Hali ya Hatari ya Mau Mau ilikuwa haijaondolewa.

"Huo waya unaongea na nani?"

"Hauongei, chifu. Unasikiliza."

"Nisiuone tena juu ya nyumba wala uani. Na Jumamosi utasimama barazani uniombe msamaha. La sivyo redio naichukua."

"Waya nitautoa. Hayo mengine hayamo kwenye kibali."

Akaupandisha darini, akautandaza pembe hadi pembe, akiufunga kwa vikombe vya kauri usiguse mbao. Siku tatu hakusikia hata mbu. Fundi mzima alisahau kwamba juu yake kuna mabati, na bati hufunika mawimbi kama kifuniko cha sufuria; nyasi huyapitisha.

Ndila, mkewe, alikasirika alipoona mabati yakishuka. "Miaka minane tumehangaika tutoke kwenye nyasi, Baba Wayua. Watu watasema tumefilisika."

"Waseme."

Nami nikamwambia Wambua nyasi za kiangazi ni adimu.

"Kang'ethe, hizo umezikata bure kando ya mto."

Tukapatana: mabati yangu, nyasi zake, kuezeka juu yangu. Bado nilipata faida, sifichi.

Jumamosi hakwenda barazani. Chifu akaja na askari wawili, mimi nikiwa namalizia paa.

"Mkamba amerudi porini," akasema, akacheka. Kisha akapanda ngazi, akachungulia darini. Kicheko kikaisha. "Si nilisema uutoe?"

"Ulisema usiuone juu ya nyumba wala uani. Huu umo ndani. Kibali ndicho hiki."

Bedan alikisoma mara mbili. Askari mmoja akavaa vile visikilizio vya redio masikioni, akasikiliza.

"Wanasema nini?" chifu akauliza.

"Wanaulizana kama wanasikika," Wambua akamjibu.

Chifu akashuka. Mlangoni akapunguza sauti. "Sikiza. Njoo ofisini uniombe msamaha, sisi wawili tu. Nitakuruhusu urudishe mlingoti, na mabati yako."

"Mabati nimeshatoa. Na nyasi zinasikia."

Redio ilibaki. Zile nyasi zilivuja kila masika, naye akapanda kuziba, miaka minne, hadi Hali ya Hatari ilipoondolewa. Ofisini kwa Bedan hakukanyaga. Mabati yake niliyauza Murera wiki ileile.