Nilivyomfanya shangazi kuwa mtoto wa mdogo wake kwenye website ya ukoo

Wakuu, za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, majina tu ndiyo nimebadili maana humu ndugu wanapita.

Niko Ujiji, najifunza kutengeneza website.

Ukoo wetu ulipanga mkutano nyumbani kwa Shangazi Mwajuma, muuza dagaa wa soko la Kibirizi. Ndiye mkubwa kuliko ndugu zake wote. Nikajitolea kutengeneza page: list ya watoto wa babu, na ndani ya kila mmoja, list ya watoto wake.

Nikaanza na wanaume (najua, msinipige mawe). Shangazi nikamweka mwisho, baada ya Baba mdogo Issa.

Nikarusha link kwenye group bila kukagua.

Kumbe list ya watoto wa Issa sikuifunga kwa tag, ile alama ya code ya kuonyesha list imeishia hapo! Jina la shangazi likasogea kulia, likajipanga na watoto wa Issa. Issa huyo alibebwa mgongoni na shangazi.

Issa naye kwa uchokozi akaandika, "Mwanangu Mwajuma, umekula?"

Shangazi akatuma voice note: "Mkutano kwangu haupo. Kafanyieni kwa baba yangu Issa." Aka-left.

Baba akanipigia. "Kabla jua halijazama uwe umeshafika Kibirizi."

Nikaenda na laptop.

"Shikamoo shangazi."

"Shikamoo ya nini? Si siku hizi mimi ni dada yako?"

Wauza dagaa wenzake wakacheka. Mimi natafuta pa kujificha.

Nikaweka laptop juu ya gunia, nikaongeza ile tag ya kufunga. Mstari mmoja tu, wakuu! Jina likarudi kushoto, likalingana na ndugu zake.

Shangazi akavaa miwani, akatazama weee.

"Sasa nipandishe juu. Na hivi vidoti mbele ya majina toa, weka namba, watu wajue nani alitangulia kuzaliwa."

Nikabadilisha. Namba moja: Mwajuma. Akazungusha laptop, soko zima likasoma.

Mkutano ulifanyika kwake, tukala migebuka, samaki wa ziwa letu. Issa alipiga goti mbele ya ukoo akaomba radhi, shangazi akamwacha pale chini kidogo, kisha akamwinua.

Nilichojifunza: ukimaliza ku-code, isome page kama ndugu, siyo kama fundi.

Sasa nimekwama upande wa mama. Babu ana wake wawili, wote wazima, wote wana smartphone. Niwapange vipi? Nishaurini, keyboard sijagusa bado.