Sukari ya zamani, ushuru mpya: bado sielewi nani alikosea, mimi au marehemu mke wangu

Wakuu, naomba nafasi humu ndani. Shule yangu iliishia darasa la sita, mtanivumilia. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na pale ninapoonekana mjinga sitapaficha.

Mke wangu, Mama Kapya, tulimzika mwezi uliopita. Tangu hapo kuna jambo moja linanizunguka kichwani.

Ni la enzi ya Zaire, chama kimoja, kila mtu anaitwa citoyen, yaani raia. Tulikaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi nilifanya kazi reli, nikienda na treni ya mizigo hadi Sakania, mpakani na Zambia.

Mke wangu alikuwa na duka dogo katika chumba cha mbele. Sukari aliifuata mwenyewe Sakania, magunia mawili, anailipia ushuru, anakuja kuiuza kwa kopo.

Siku moja mtu wa duane, yaani forodha, pale mpakani akatuambia sisi wa reli, "Citoyens, kuanzia leo ushuru wa sukari umepanda." Na haukupanda kidogo.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu, kama habari tu. Kesho yake asubuhi nikakuta amepandisha bei ya kopo.

Nikashangaa. Magunia yalikuwa yale yale, yamelipiwa ushuru wa zamani.

Kwetu reli, mzigo unalipiwa kwa karatasi ya siku ulipopakiwa. Bei ikipanda treni ikiwa njiani, mzigo ule hauhusiki. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Asubuhi ile ile akaja jirani yetu, Mama Numbi, na wamama wengine wanne. Alikuwa amefiwa na kaka yake, watu wamejaa matangani, anataka sukari ya chai.

"Mama Kapya, unatuuzisha sukari ao dawa?"

"Ushuru umepanda ku Sakania, dada."

"Baba Kapya, weye ndiye unatokaka kule. Hii sukari iko ya lini?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Iko ya wiki iliyopita."

Mama Numbi akacheka. "Mumesikia, bamama? Kumbe duane iko mu nyumba yake."

Mke wangu hakubishana. Akarudisha bei ya zamani. Habari ikaenea, na hadi jioni magunia yote mawili yalikuwa yamekwisha. Mimi nilifurahi, nikadhani tumefanya biashara.

Aliporudi Sakania, pesa ya magunia mawili ilitosha gunia moja tu. Faida ya gunia moja ikaliwa na nauli na chakula cha watoto. Safari iliyofuata akaleta nusu. Mvua za mwaka ule hazijaisha, duka likafungwa.

Aliniambia mara moja tu. "Baba Kapya, ile sukari ndiyo ilipashwa kuninunulia ingine."

Nilimsikia, sikuelewa. Miaka mingi baadaye mtoto wetu Kapya, akisoma chuo kikuu pale Kasapa, alinichorea mistari ya bei kwenye karatasi. Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa, ili asichoke. Hata sabuni iliyotengenezwa mjini hapa hapa ilipanda bei wiki ile ya ushuru, na haikuvuka mpaka wowote. Hilo nalo sijalielewa hadi leo.

Sasa, siku ya pili ya matanga ya mke wangu tuliishiwa sukari. Nikaenda kuinunua mwenyewe. Mama mwenye duka akaniambia, "Pole, papa. Bei imepanda leo, sababu ya ushuru." Gunia lilikuwa wazi miguuni pake, limeshauzwa nusu.

Swali lilinifika mdomoni: hii sukari iko ya lini?

Sikuuliza. Nikalipa, nikaibeba kwenda kwa waombolezaji.

Somo langu ni dogo. Nilichosema siku ile kilikuwa kweli, na kilifunga duka la mke wangu. Kwamba nilipaswa kudanganya, bado siwezi kusema.

Wenye maduka humu, niambieni bila kunionea huruma: Mama Kapya alikuwa anawaibia wale wamama? Kama hakuwaibia, nataka kujua, hata kama nimechelewa kumwambia.