Macho ya Kisogoni

Ni mimi niliyemuua yule bundi kwa jiwe, si kaka Hamisi. Nimekana miaka yote, licha ya shahada zangu mbili.

Mama alikuwa mgonjwa, chumba kikinuka mkaratusi. Mchana mmoja bundi mdogo kama ngumi alitua kwenye mgunga wetu, akanikodolea macho. Nilidhani akifa, mama atapona. Mama alipouliza nani kaua bundi na kuleta uchuro nyumbani, nikamtaja kaka. Tulimzika mama wiki ileile.

Juzi, hapa Birmingham, binti yangu anayesomea ndege alinionyesha picha ya bundi mdogo wa nchi kame, kama yule wetu, macho yakinikodolea vilevile.

"Mum, hayo si macho. Ni madoa ya kisogoni."

Kumbe siku ile bundi alikuwa amenigeuzia mgongo, akitafuta panzi.

Nikampigia kaka simu, nikakiri.

"Nilikuona, mdogo wangu," alisema. "Nilimwambia mama. Alikufa bila kuniamini."