Mtu Aliyekosekana Kwenye Bendi ya Waingereza

Miezi saba mume wangu na binti yangu hawakusemeshana, na mimi ndiye niliyekuwa posta yao. Tunaishi Bellevue, hapa Johannesburg, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, sisi tuna vyumba viwili, kwa hiyo walikuwa wanapishana mlangoni kutwa. "Mwambie binti yako azime taa." "Mama, mwambie nasoma." Mimi niko katikati na mwiko wa ugali mkononi. Yesu wangu!

Chanzo kilikuwa kidogo. Sisi ni watu wa Bukavu, binti amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea wa wateja wangu wa saluni, ila akifungua mdomo kinatoka Kiingereza. Siku moja baba yake karudi kutoka Midrand, anakolinda ghala, miguu imevimba, akamuuliza jambo, akajibiwa Kiingereza cha mbio. Akafura. "Ndani ya nyumba hii utanijibu kwa Kiswahili, ama usinijibu kabisa." Basi binti, ambaye kichwa kigumu hakukiokota barabarani, akachagua kutojibu.

Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, namsuka mwenyewe. Anakaa chini mkekani, kichwa kati ya magoti yangu, hana pa kukimbilia, na hapo ndipo alipokuwa akinisimulia habari za bendi yake. Nasema yake, kumbe ni ya Waingereza wanne wasiojua kama yeye yupo duniani. Mwanzoni nilisikiliza kwa sababu mama hana budi. Baadaye, eh, nikawa mimi ndiye ninayemuuliza iliishia wapi.

Walianza wakiwa wanafunzi, kwenye mji wa mvua ambao viwanda vyake vilishafungwa, wakifanya mazoezi chumba cha juu ya bucha. Magitaa mawili, besi na ngoma. Nyimbo za kwanza zilikuwa mbio tupu, kwa sababu walikulia kwenye rekodi za kaka zao, watu wa kelele na kuvunja viti. Nchi ikawapenda. Kisha wakachoka. Albamu ya tatu wenyewe hawataki kuisikia. Mpiga ngoma akaenda kumuuguza baba yake, na wale watatu, sikiliza hapa, hawakutafuta mwingine. Walimngoja miaka miwili! Kwetu Bukavu bendi inavunjika kwa sahani ya wali harusini. Nilisimamisha vidole kichwani mwake nikamuuliza, "Walimngoja?" Akasema walimngoja.

Katika kungoja huko, mwimbaji, ambaye ndiye pia gitaa moja, akaokota santuri ya kwetu, ya enzi za Zaire, kwenye duka la mitumba. Hakuelewa hata neno moja. Akaipiga mpaka majirani wakamgongea ukuta. Mpiga ngoma aliporudi, akakuta yale magitaa mawili yameacha kukimbizana, yameanza kuongea. Leo wana vipara na bado ni walewale wanne.

Mwili ulinisisimka, nasema kweli. Wazungu wa mvua wamejifunza kwa baba zetu, na mwanangu anajifunza kwao, wakati mwenye mambo hayo amelala chumba cha pili! Maana mume wangu alikuwa mpiga gitaa. Hakuwa na jina kubwa, alikuwa mtu wa harusi na baa mbili tatu. Tangu tuvuke mpaka hakugusa gitaa, alisema vidole vyake vimebaki kule. Binti alilijua hilo kama tunavyojua mambo ya Biblia, kwamba yalitokea, lakini si mtaani kwetu.

Jumamosi moja namsuka, hedifoni zake zikafa, ikabidi simu iimbe kwa sauti. Baba yake alikuwa mezani ananyoosha shati la kazi. Ukaanza wimbo mmoja wa albamu ya nne, ile ya baada ya kungojana. Pasi ikasimama.

"Mi-solo iko wapi?" akauliza.

Kwenye muziki wetu, kati ya gitaa la kusindikiza na gitaa la solo hukaa gitaa la tatu, mi-solo. Haliongozi wala halifuati. Linawashona wale wawili wasiachane. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na sasa alikasirika kabisa, kama kiongozi ambaye mtu wake hajafika mazoezini. "Wamemwachia nafasi. Sikia! Hapa, na hapa tena. Huyo mtu yuko wapi? Amelewa? Mwambie binti yako bendi hii imekosa mtu."

Kabla posta haijafungua mdomo, binti akaniambia kwa Kiingereza nimwambie wako wanne, hawajawahi kuwa watano.

"Basi miaka yote hiyo wanapiga na kiti kitupu," akasema mume wangu.

Gitaa la binti, la mtumba kutoka Kensington ya hapa jirani, lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Baba yake akalishusha bila kuomba. Akaja kwangu, akanipokonya kitana, akachukua na mpira wa nywele. Mkia wa kitana akaulaza juu ya nyuzi, shingoni mwa gitaa, akaufunga kwa mpira. Bukavu walikuwa wanafanya hivyo kwa penseli, kupandisha sauti. "Pasi!" nikapiga kelele. Nani anisikie?

"Anzisheni upya," akasema, bila kumtazama mtu. Mkono wa binti ukagusa simu.

Mara ya kwanza mume wangu alikosea, akatukana kidogo kwa lugha ya kwao. Mara ya pili akaingia.

Sijui nisemeje. Wimbo ule nilishausikia hadi nikauchoka, na sikuwahi kujua kwamba ni nusu. Cherehani ya jirani yetu Mrundi, upande wa pili wa mbao, ikanyamaza. Nilimwogopa mume wangu, ile hofu ya kanisani, nikataka kusimama. Watu wamengojana huko Uingereza, kumbe wa tano wao yuko Bellevue, amevaa fulana na suruali ya ulinzi, na mimi nampikia ugali kila siku!

Wimbo ukaisha. Mume wangu akaanza kufungua mpira.

Binti akachomoka magotini pangu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama.

"Papa," akasema. "Rudia. Pole pole, nione vidole."

Kilikuwa Kiswahili chenye Johannesburg ndani yake, lakini Kiswahili. Baba yake hakumtazama. Angemtazama angelia, namjua. Akakaza mpira, akausogeza mkeka kwa mguu.

"Kuja hapa. Kamata. Kidole hiki kwanza."

Shati lilishaungua mgongoni. Kitana changu kilikuwa kwenye gitaa na kichwa cha mteja wangu kimeondoka. Nikabaki kitini, nimezoea, nikingoja mmoja wao aseme "mwambie". Hakuna aliyenituma.